Kosa la Sufuria

Tarehe 6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaweza kukaa kitako na kushika nyundo, maana fundi viatu asiyegonga hujiona mgonjwa hata akiwa mzima. Mimi huku sijambo. Kazi ya kuchomelea vyuma inaendelea, macho tu ndiyo yanalalamika.

Mama alinipigia akanieleza majibu ya hospitali, kwamba ni saratani ya tezi dume. Tangu hapo sina raha, nasoma kila ninachokiona kwenye simu. Wanasema ni chakula, baba. Nyama nyekundu, hasa ile ya kukaanga mpaka ikaungua pembeni, na mafuta mengi. Yaani ndicho chakula cha kwetu tangu nikiwa mdogo. Wanazisifu nyanya zilizopikwa na mboga za majani. Nakuomba nyama na mafuta vikome hapo nyumbani leo hii. Tungejua mapema, huenda tusingefika hapa.

Msalimie sana mama.

Mwanao


Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nikikuambia sijambo utajua naongopa, basi sijambo kidogo. Hospitali wananidunga sindano. Wamesema ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa, hawawezi kuuondoa, wataucheleweshachelewesha tu.

Barua hii naiandika mwenyewe na nitaiposti mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Umesahau kwamba miwani hainisaidii tena. Barua zako husomwa na mama yako kwa sauti, nami nikigonga soli. Alipofika pale pa mafuta alirudia mstari mara mbili, kisha akaendelea mpaka mwisho, mpaka pale unapomsalimia yeye mwenyewe. Akaikunja, akaenda jikoni.

Sasa nala majani. Nimekuwa mbuzi, bado kufungwa kamba tu. Hilo si neno, mbuzi nao wanaishi. Neno ni kwamba mama yako ameacha kula na mimi. Ananitengea, anarudi jikoni, anakula akiwa amesimama. Nimemwambia si sufuria yake, anasema namliwaza. Nikamkumbusha kaka yangu, baba yako mkubwa, aliyeondoka kwa ugonjwa huu huu. Yule hakuoa, aliishi kwa chai na mkate wa dukani, na mapishi ya mama yako aliyaonja kwenye harusi yetu tu. Hilo nalo halikumwingia.

Kumwambia waziwazi njoo tukae, siwezi. Tangu nimwoe sijapata kumwita mezani, alikuwa anakuja mwenyewe. Nitaanzia wapi leo, na mvi hizi? Lakini wewe nikwambie, kula peke yangu kunaniuma kuliko sindano zao. Wewe anakuamini, umesoma. Andika kwamba sufuria haina kosa. Nataka arudi kwenye kiti chake kabla sijaondoka. Sina ombi jingine.

Baba yako


Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi sasa sikai kwenye kibanda changu cha viatu. Nimelala chumba cha mbele, kalamu imeazimwa kwa jirani na yeye ndiye atakayeiposti hii.

Barua yako sijaiona. Labda ni posta, labda ni kazi, sikulaumu. Mama yako ananigeuza, ananiosha, ananilisha kwa kijiko kama kinda. Mikono yake haijachoka nami hata kidogo. Lakini nikishameza anaondoka, na sahani yake bado iko jikoni.

Usitafute maneno mazuri. Andika hata mstari mmoja.

Baba


Tarehe 19 Mei

Baba, na mama unayemsomea,

Shikamooni. Nisameheni kwa kimya. Baba aliniomba niandike jambo, nami sikutaka kuandika uongo, kwa sababu mama ungeugundua kabla hujafika mwisho wa mstari. Nikangoja daktari wa kiwandani, ambaye huja anapojisikia. Kwenye simu nilijaribu, mama, ukanikatiza ukasema salio langu litakwisha.

Juzi nimempata. Nilimuuliza, je, chakula ndicho kilichompa baba ugonjwa? Akacheka kidogo, akasema swali hilo watafiti wanalihangaikia miaka mingi na bado hawajapatana. Wengine wanaona mafuta mengi, nyama iliyoungua na maziwa mengi huenda vikaongeza hatari kidogo. Wengine wametafuta hayo hayo wasiyaone. Hata nyanya nilizozisifia hazijathibitishwa. Kula vizuri ni jema kwa moyo na mwili wote, alisema, lakini hakuna daktari anayeweza kumshika mgonjwa mmoja akanyoosha kidole kwenye sufuria ya mkewe. Yanayojulikana vizuri zaidi ni umri, na damu ya ukoo. Nilipomtaja baba mkubwa akaacha kucheka, akaniuliza mimi nina miaka mingapi.

Mama, nilichoandika Februari nilikiokota kwenye simu nikakituma kibichi. Sufuria yako usiibebeshe mzigo huu. Na kuhusu kumnyima baba nyama, daktari alisema kwa hali aliyofikia apewe anachokitamani, ilimradi ale.

Jambo la mwisho, na baba usinikasirikie. Mama, baba anataka ukae naye anapokula. Aliniandikia mara mbili. Alisema kula peke yake kunamuuma kuliko sindano, na kwamba anataka urudi kwenye kiti chako. Ameshindwa kukuambia.

Mwanenu


Tarehe 10 Juni

Mwanangu,

Pole na wewe, najua kulilia msiba ukiwa mbali ni kazi. Mimi sijambo, nashukuru Mungu. Wageni wameondoka, nyumba imekuwa kubwa. Haya sikutaka kukwambia kwenye simu.

Barua yako ilifika baba yako akiwa ameshazikwa. Niliisoma peke yangu. Daktari wako mshukuru. Nimeelewa kwamba hakuna ajuaye kwa hakika, ingawa bado napita jikoni nikiitazama ile sufuria kama mtu aliyenikosea. Huenda itapita. Wewe nenda kapimwe. Damu ya baba yako na ya kaka yake ndiyo hiyo uliyo nayo, na usiniletee habari za kazi nyingi.

Nimekwama pale mwisho, ulipoandika kwamba alitaka nikae. Nimeparudia mara nyingi.

Mimi nilidhani hataki kuniona. Nilidhani kila nikimwekea chakula anautazama mkono uliomuua, kwa hiyo nilitoka haraka nisimuudhi. Siku yake ya mwisho nilimlisha, nikaelekea mlangoni. Nilipogeuka akaninyanyulia mkono kidogo. Nikajua anataka maji. Nikamletea maji, akanywa, nikaenda zangu jikoni.

Miaka yote ile chini ya paa moja, akakuandikia wewe uliye mbali. Ningekaa, mwanangu. Angeniambia tu, ningekaa.

Mama yako