Neno Uliloniandikia Siku za Uchumba

Kijiji cha Ujamaa, Igunga

Mume wangu mpenzi Rashidi,

Pokea salamu za mkeo, ambaye mpaka leo akiitwa "Bibi Rashidi" hugeuka kutafuta anayeitwa ni nani, kisha hucheka peke yake. Hujambo, roho yangu? Kifua kimepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujazoea. Harufu ya udi wa arusi ilikuwa bado kwenye nguo zangu basi liliponileta huku kufundisha.

Umeniuliza kama uende ofisi ya elimu kuniombea uhamisho nirudi Tabora. Nilikwisha kuandika "nenda hata leo". Karatasi ile nimeichana, na sababu ni hii.

Unakumbuka uliniandikia kwamba mimi ni "affable"? Nililitafuta neno lile katika kamusi ya shule, nikalivaa kama mkufu. Nilidhani unasifu tabasamu langu. Huku nimetabasamu mpaka mashavu yameuma, wala hapana mwanamke aliyekuja kwangu. Katika shamba la pamba la kijiji huitikia salamu yangu, kisha huendelea na Kisukuma chao. Jioni napika, nafunga mlango, nakula nikiitazama picha yako, na mara nyingi machozi ndiyo mchuzi.

Juzi jirani yangu, Mama Kulwa, alinisimamisha kisimani.

"Mwalimu, humo ndani unakula na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Mwongo! Mume umemficha wewe! Bibi arusi gani hufunga mlango kila chakula kikiiva?"

Wenzake walicheka mpaka maji yakawamwagikia. Ndipo nikaambiwa kwamba hapa watu hula uani, na anayepita hukaribishwa. Anayejifungia ni mchoyo au anawadharau watu. Mimi nilifunga wasinione nikilia, kumbe wao waliona nawakimbia.

Jioni ile nilitandika mkeka nje. Mama Kulwa akaja na mlenda wake, na wengine wawili wakamfuata. Waliniuliza habari zako, mpenzi, nikasema zote, hata zisizosemwa! Sasa neno lako nimelielewa: affable ni mtu anayesemezeka, ambaye mwenzake haogopi kumwanzia mazungumzo. Ulinisifu mapema. Ndiyo kwanza naanza kuwa hivyo.

Nikihama sasa, wataamini kweli nilikuwa nawadharau. Basi usiende ofisini. Lakini usidhani upweke umekwisha. Wageni wangu wakiinuka kwenda kwa waume zao, mimi huingia ndani, na kitanda changu cha kamba, chembamba kile, huwa kipana kama uwanja. Ukipata likizo, Rashidi, usipitie kokote. Njoo.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na umwambie kitenge alichonipa kinasifiwa huku. Wifi yangu, dada yako mdogo, namsalimu sana, ila aache kuvaa viatu vyangu. Baba mdogo naye, aliyesimamia arusi yetu, asinisahau katika dua.

Ni mimi mkeo, nikuotaye hata mchana,
Mwajuma