Kopo la Maharage la Nabwire

Jumatatu, 2 Septemba. Masinya.

Maharage kumi na saba leo. Nabwire, mwenyeji wangu, alitegemea ishirini, ila mvua iliwatawanya watu sokoni Busia mapema.

Utaratibu ni ule ule. Kila mkono anaoushika, harage moja ndani ya kopo la siagi. Jioni tunakaa nje ya jiko, anatoa moja moja na kunitajia jina, mimi naandika. Hajui kusoma lakini hasahau mtu. Profesa wangu Morogoro anataka kujua mikono ya mchuuzi mmoja wa mpakani inafika wapi wakati ugonjwa unavuma. Na mpox inavuma kweli, redio haina habari nyingine. Mama anapiga simu kila siku, nirudi Tanzania. Nimemwambia siogopi. Naogopa.

Jumatano, 4 Septemba

Nabwire alikuwa anachekecha unga wa muhogo, mweupe hadi viwikoni. Jirani akaja kusalimia. Nabwire akampa kifundo cha mkono badala ya kiganja, jirani akakishika, wakaendelea na habari zao. Nikauliza kama na hiyo ni harage. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo hapana mkono! Mkono nachafuka, unapatia mtu hii tu, asisema umemnyima. Hiyo hapana hesabu."

Nimeandika kanuni mpya: kifundo hakihesabiwi. Profesa ataipenda. Nilijiona mtafiti hasa.

Alhamisi, 5 Septemba

Harage la mwisho lilibaki kiganjani mwake muda mrefu.

Ni la mama yake. Yuko ng'ambo, upande wa Kenya, hataki kuacha boma la marehemu mumewe. Haoni, hasikii. Anawajua watu kwa mikono tu. Mkwe anamwekea chakula, anakidonoa. Anayekubali amlishe mpaka ashibe ni Nabwire peke yake, kila Alhamisi. Geti la mpakani siku hizi wanapima joto na kurudisha watu wasio na karatasi, kwa hiyo Nabwire anapita mashambani. Akikamatwa, hana tena njia ya kumfikia.

"Hii weka kwa roho yako," aliniambia.

Nikaapa. Kisha nikaandika. Siku, njia, hata kisima kibovu anapokatia kona. Mtafiti haachi pengo, nilijiambia.

Jumatatu, 9 Septemba

Wandera, muuza miwa, ametokwa na vipele mwili mzima. Amepelekwa hospitali. Soko zima limenywea. Nabwire alimshika mkono Jumamosi, jina lake ninalo daftarini.

Maharage manne tu leo. Nabwire anasema watu wanamwamkia kwa mbali, wamekunja mikono.

Mimi nimenawa kwa sabuni mara sita, nyuma ya choo ili asinione. Nakula sufuria moja na huyu mwanamke. Aibu.

Jumanne, 10 Septemba. Tororo.

Lazima niandike kama ilivyotokea.

Mkutano wa afya, ukumbini. Nilialikwa kusikiliza. Nilikaa nyuma, kiti cha plastiki, hakuna aliyenijua. Afisa mmoja akalalamika kuwa hawana namna ya kujua Wandera alishikana na nani, wala watu wanavukia wapi siku hizi.

Hakuna aliyeniuliza. Nilinyoosha mkono mwenyewe.

Nilisimama nikaeleza kopo, maharage, daftari. Watu wakageuka. Yule afisa akasema huyu binti ndiye msomi tunayemhitaji, wakapiga makofi. Nikahamishiwa mbele. Nikanywa chai na wakubwa, kwa mandazi ya moto. Wakaomba kupiga picha daftari kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Nilijua Alhamisi imeandikwa wapi. Ningeweza kuweka kidole pale na kusema hapa hapana. Ningeweza kusema nipeni hadi kesho nikamuulize mwenyewe.

Nilishikilia daftari ili picha itoke vizuri.

Na niliona raha.

Jumatano, 11 Septemba

Gari la afya lilifika Masinya saa nne asubuhi. Barakoa, glavu, kamba kuzunguka boma. Siku ishirini na moja Nabwire asitoke, asipokee mtu. Mihogo yake imebaki imeanikwa juu ya mwamba, upande wa nje wa kamba.

Mimi nimelala nyumba hiyo wiki tano. Kwa haki yote nilitakiwa kubaki ndani. Nilikuwa nimeshakaa chini. Afisa akasema, "Huyu ni mwenzetu, apande gari." Nikapanda. Mbele ya majirani akanishukuru kwa sauti kubwa, kwa daftari na kwa ile njia ya kisimani.

Nabwire aliniangalia. Aliingia ndani akaleta begi langu, akaliweka chini kwenye kamba. Shuka langu alikuwa amelikunja.

Alhamisi, 12 Septemba. Tororo.

Nyumba ya wageni. Askari wamewekwa kisimani. Leo Alhamisi, yule bibi wa ng'ambo anangoja.

Mimi nina pasipoti. Ningeweza kwenda. Nilifua nguo.

Jumapili, 15 Septemba

Nimejaribu kuandika sura ya pili ya tasnifu. "Siri za wahojiwa zilitunzwa." Nikafuta. Nikairudisha. Nimefuta tena.

Muoga mimi. Nimesoma mpaka chuo kikuu ili niwe mmbeya mwenye daftari.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda.

Getini walinipima joto, wakagonga muhuri, dakika kumi. Nilibeba ugali wa muhogo na wimbi na dagaa, kama Nabwire anavyopika, au karibu.

Mkwe alinipokea vizuri, jambo lililonizidishia aibu. Nabwire alikuwa amempigia simu, kwa hiyo mkwe anajua yote isipokuwa nilichofanya mimi. Akaniambia tangu Alhamisi iliyopita bibi anakunywa uji kidogo tu. Anaamini binti yake amekufa. Wamejaribu kila namna kumweleza. Utamwambiaje mtu asiyesikia wala kuona kwamba aliyemkosa yupo hai, amefungiwa tu? Anachouliza yeye ni mkono.

Nilikaa kwenye mkeka. Akashtuka kwa furaha alipohisi nimekaa karibu, nadhani ni kwa mtikisiko. Akautafuta mkono wangu. Akaupapasa, kidole kwa kidole, hadi mahali pa kovu la Nabwire, nisilokuwa nalo. Kisha akaurudisha mapajani pangu, taratibu, kama anarudisha kitu cha watu. Akageukia ukuta.

Hakula. Nilisubiri mpaka ugali ukapoa.

Mkwe akaniuliza mimi ni nani kwa Nabwire. Nikasema rafiki.

Jumatatu, 23 Septemba

Majibu yametoka. Wandera ana tetekuwanga. Tetekuwanga! Hata mimi niliugua nikiwa darasa la pili.

Kamba zimeondolewa. Afisa amenipigia kunishukuru tena kwa ushirikiano. Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Jumatano, 25 Septemba. Masinya.

Nimekuja kuaga. Na kusema.

Jana alfajiri Nabwire alikwenda kwa mama yake. Kwa getini, foleni ya karatasi hadi saa nane mchana, siku hizi hakuna njia nyingine. Mama alishika mkono wake hakuuachia, akala huku ameushika. Amekonda sana lakini alikula. Nimesimuliwa na jirani.

Nabwire alinikuta uani. Nikasema tu kwamba hawakunilazimisha. Hawakuniuliza hata. Nilinyoosha mkono mwenyewe kwa sababu nilitaka kuonekana.

"Najua," alisema. "Ya Wandera, wewe ungeuliza tu, mimi mwenyewe nakwenda kuwaambia. Ya mama, hapana."

Hakunitukana. Akaniletea kiti, akaniletea chai, akaketi kumenya muhogo. Alipomaliza akanawa kwenye beseni, akajifuta kwa leso yake vidole vyote. Jirani akapita, Nabwire akampa mkono, kiganja kizima, wakatikisana muda mrefu wakicheka.

Nikainuka nikasema naondoka. Nikanyoosha mkono.

Nabwire alinipa kifundo.

Nikakishika. Kilikuwa na baridi ya maji bado. Nikashukuru kwa chai, nikavaa begi, nikaenda barabarani kutafuta bodaboda.