Picha Mbili za Kichwa cha Kiroboto

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mdogo wangu kapiga simu analia. Shule imemtoa binti yake, Kiroboto wetu, darasani kwake na kumpeleka chumba cha mwisho karibu na stoo, wanakowekwa "wazito" wa kuelewa. Kiroboto! Mtoto anayekusomea kila kibao barabarani hata hujamwomba! Hatulii kitini, sawa — jina hilo hatukumpa bure. Lakini mzito?

Na sababu yao ni picha. Picha ya ubongo, kutoka mradi wetu wa kuchunguza ubongo wa watoto unavyokua. Mradi ninaofanyia kazi mimi! Profesa anayeuongoza huwapa wazazi picha ya mtoto wao kama shukrani. Safari hii kaongeza maneno chini: tabaka la nje la ubongo ni jembamba kuliko la wenzake wa rika lake. Mdogo wangu, kwa imani yake, akampelekea mwalimu mkuu ili amwelewe mtoto. Kamwelewa kweli!

Jumanne, 4 Machi

Nimemfuata Profesa ofisini. Nikamwambia picha moja haitoshi kumhukumu mtoto. Hata mtu mzima, umpige picha leo na umpige tena wiki ijayo, vipimo havitalingana sawasawa. Akaendelea kukoroga chai. Eti mashine haina upendeleo. Eti leo naongea kama shangazi, si kama mtafiti.

Shangazi! Mimi ni mama mkubwa. Hata hilo hakulipima vizuri.

Nilipotoka nilibamiza mlango. Korido nzima ikageuka. Na wageuke.

Jumatano, 5 Machi

Mchana kutwa kwenye picha za Kiroboto. Zina mawimbi mawimbi pembeni. Mtoto alitikisa kichwa, na kichwa kikitikisika mashine hutoa tabaka jembamba kuliko lilivyo. Tunalijua sote! Tunawafundisha wanafunzi wapya! Picha za namna hii hutupwa. Nikamuuliza msaidizi wa Profesa, yule tunayemwita Ndiyo-Mzee, hii ilipitaje? Akashusha sauti: masharti yalilegezwa, kwa sababu tungetupa picha za watoto wengi mno. Wengi mno! Kwa hiyo dawa ya picha mbovu ni kuzikubali?

Jioni nikampigia Kiroboto. Ulikuwa unafanya nini mle ndani ya mashine? Akaangua kicheko.

"Mama mkubwa, si mliniwekea katuni ya yule punda anayeangukaanguka! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikiambiwa tulia, na punda naye anaanguka tena!"

Nikakaa kitako. Watoto wasiotulia ndio tuliowawekea katuni, ili watulie. Waliotulia wenyewe tuliwawekea video ya samaki wanaoogelea polepole. Halafu tukaandika ripoti kwamba wasiotulia wana ubongo mwembamba.

Tumepima kicheko, jamani. Tumekipima, tukakichorea grafu, tukapigiwa makofi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa mashine alipata nafasi leo, mama mtu akaridhia, Kiroboto akapigwa picha upya. Tukamwekea samaki. Akasinzia! Picha safi, na tabaka ni la kawaida kabisa kwa umri wake.

Nikampelekea Profesa. Akafoka: mtoto mmoja si ushahidi. Nikamjibu, basi mbona picha moja ilitosha mtoto kutolewa darasani? Nikamtaka awaandikie wazazi wote kwamba picha zina kasoro. Akasema hapana, tutazua taharuki. Funika kombe mwanaharamu apite! Msomi mzima!

Mdogo wangu aliipokea picha mpya kwa mikono miwili, akaibusu. "Hii ndiyo ya kweli, dada." Kiroboto alikuwa ameketi pembeni, anavuta uzi wa sketi.

"Na ingetoka mbaya tena, mama?"

Mama yake akaendelea kuipangusa picha kwa kanga. Mimi nikajifanya natafuta funguo mkobani, na hilo limeniuma kuliko ya Profesa yote.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nimetoka nipumue kabla sijamtukana mtu.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya. Ndiyo maana anaudhi zaidi. Alizipanga picha mbili mezani, akaniambia wewe ndiye mtaalamu: andika nyuma ya hii ya pili kwamba ndiyo sahihi, tia saini, mtoto anarudi darasani leo leo. Nikamwambia hakuna picha hapa inayoweza kusema mtoto akae darasa gani. Ya kwanza haiwezi, ya pili nayo haiwezi. Mpeni kitabu asome! Muulizeni mwalimu wake! Akakuna kichwa. Basi, kama picha hazina maana, itabidi tungoje kikao cha bodi. Lini? Hajui.

Mdogo wangu kanifuata hapa nje, macho mekundu. "Dada, andika tu. Unataka kushinda hoja au unataka mtoto arudi?"

Nataka mtoto arudi! Lakini mezani pale kuna picha nyingine. Niliiona mwalimu mkuu alipokuwa akitafuta za kwetu. Mtoto nisiyemjua, maneno yale yale chini, mawimbi yale yale pembeni. Huyo hana mama mkubwa kwenye mradi. Nikitia saini, nimekubali kwamba picha ndiyo inayoamua, na yeye abaki kule karibu na stoo mpaka apate picha nzuri. Nisipotia, nambakisha Kiroboto naye.

Kengele imelia. Kiroboto kaja na begi mgongoni, kasimama mbele yangu, mguu juu mguu chini. Anauliza aende chumba kipi.

Mlango umefunguliwa. Mwalimu mkuu ananinyooshea kalamu — haoni kwamba ninayo mkononi, hii ninayoandikia haya.