Kitenge Juu ya Moto

Mujukuu wangu Gracia,

Hapa kwetu Bel-Air tuko bazima. Mama yako anauzisha samaki ya Kasenga, na mugongo wangu unalalamika kidogo tu. Nimeona picha ya pikipiki yako, ile moto kubwa yenye guidon, usukani, ya mupana na moteri inje. Unauliza nani alianzaka kuvula moto manguo. Mambo ya fabrike, kule banatengenezaka moto, sijue. Hapa kwetu, ilianza na kuanguka.

Ilikuwa wakati wa mapilaje, bantu banavunja maduka na kuiba byote. Ya siku zile sitaeleza mingi. Nkambo yako mwanaume, babu yako, kijana bado, alikuwa na moto ya kukimbia, yenye kuvaa plastiki mwili muzima. Akaanguka nayo kwa barabara ya Kipushi, plastiki yote ikapasuka, na ingine ya kununua hakuna. Akatosha vipande byote, akatupa, akaweka guidon ya mupana, akakuja nayo kwetu kuniposa.

Baba mukubwa wangu akakasirika: "Unaposa mutoto wetu na moto uchi? Rudia, uivalishe kwanza!"

Bantu bakacheka. Nkambo yako akaanza kuigeuza moto, arudie.

Nikatoka, nikafungua kitenge yangu ya juu, nikaitandika juu ya moteri. Kwetu, mwanamuke anatandikiaka kitenge muntu mwenye anaheshimu. Bote bakaelewa jibu yangu: nimemukubali.

Lakini moto ilikuwa bado moto! Kitenge ikaungua, na baba mukubwa akacheka kupita bote.

Shiye, mimi na nkambo yako, tulivula kwa kukosa. Leo banavula kwa kupenda. Nakutumia ile kitenge. Tundu usiishone: ndiyo mulango nkambo yako aliingilia kwetu.

Nkambo yako mwanamuke