Barabara Imepita Kwa Baba Yako

Mtaa wa Waswahili,
Gitega,
8 Agosti 2022

Mpendwa Uthmani,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Pili na watoto, na kwamba ushonaji unakwenda vizuri huko Muyinga. Kama mnaumwa, mniwie radhi, sitaweza kuja kuwatazama, maana nina mzigo wangu hapa. Mimi sijambo. Goti linauma, ila mdomo ni mzima, utaona.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako haipokei namba yangu. Nilijaribu kwa simu ya jirani, ukaitika vizuri sana mpaka uliposikia ni shangazi yako. Basi nimempa barua Matata, dereva wa basi dogo la Muyinga, nikamwambia asiiache dukani, akutie mkononi na asubiri uifungue. Usimkasirikie, yeye ametumwa tu.

Habari ya hapa ni barabara. Tangu Gitega iwe mji mkuu, kila mwenye shati jeupe anapita kichochoroni kwetu akipima, nasi tukawa tumezoea. Safari hii walikuja kweli. Mhandisi wa mradi alituita kwenye uwanja wa mpira, akatandaza ramani juu ya meza, akasema njia yetu itakuwa "kolektrisi". Wazee wakachachamaa. Sisi kolekteri tunayemjua ni yule wa ushuru sokoni. Houssein mwenye bucha akasimama akauliza: "Sasa barabara nayo itatutoza? Mguu mumoja bei gani?" Watu walicheka mpaka mhandisi mwenyewe akacheka. Akaeleza kwamba ni barabara inayokusanya watu kutoka vichochoroni na kuwapeleka barabara kubwa. Kicheko kiliisha alipofika kwenye upana.

Mawe ya kutandika na mifereji vinalipwa na wafadhili, kubeba na kuchimba ni juu yetu siku za Jumamosi. Lakini wafadhili hawataki kesi. Walisema fedha zitatoka pale tu kila anayeguswa atakapokubali kwa sahihi yake, na mmoja akikataa, barabara inakwenda mtaa mwingine. Fidia ya nyumba itatazamwa baadaye. Bajeti ilikumbuka mawe na saruji, ikasahau kwamba kuna watu wanalala ndani. Hiyo baadaye bado tunaingojea.

Ilipofika zamu yetu, njia ilikuwa nyembamba mno. Upande huu nyumba ya baba yako, upande ule kiwanja alichokupa, na ule msingi uliouchimba ukauacha unaota majani. Mhandisi akasema lazima upande mmoja ukatwe, na kwa kuwa pande zote ni za familia moja, mzee Sefu achague. Unamjua kaka yangu. Hakuomba hata siku ya kufikiri. Alisema mbele ya mtaa mzima: "Mukate ku nyumba yangu. Kule iko kwa mutoto, mupaache."

Nilimtukana njia nzima tukirudi. Nilimwambia amezeeka vibaya, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayetoa nyumba yenye paa na choo ili kuokoa shimo lenye majani. Akanijibu kwamba ukiwa na kiwanja kinachotazama barabara nzuri, utarudi kujenga. Hiyo ndiyo sababu yake yote, Uthmani. Kwamba utarudi.

Nyumba iliangushwa Jumamosi ya kazi za jumuiya. Hawakuleta mashine, walileta majirani. Wale wale waliokula pilau ya Idi pale sebuleni ndio walioshika sururu, na vijana wengine walikuwa wanaimba. Baba yako aliling'oa bati mwenyewe tangu alfajiri, akang'oa na milango, akavileta vyote uani kwangu, akasema ni vya kujengea kwako. Mlango wa chumba cha marehemu mama yako aliubeba mgongoni na kukataa kusaidiwa. Mimi, na kinywa changu hiki, nilisogeza magunia ya makaa ili apite.

Sasa analala stoo kwangu, kati ya magunia ya makaa na mbuzi. Usidhani ninamdekeza. Anakohoa usiku kucha, na mchana anatandaza spana na cheni zake za baiskeli mlangoni mpaka wateja wangu wa maandazi wanajikwaa. Nimemwita mzigo mbele ya watu. Yeye anaendelea kukaza cheni zake, na hasira zinanipanda zaidi.

Mwezi uliopita likaja lori la matofali, likamwaga kwenye kiwanja chako. Mzee akavuka barabara na pampu ya baiskeli mkononi, akimwita mwenye lori mwizi. Alikuwa Mkongomani mnene, mpole, mfanyabiashara wa mchele kutoka Bukavu, anaitwa Baguma. Wewe unamfahamu kuliko mimi. Yule bwana akamtazama mzee, akatazama kifusi upande wa pili, akafuta jasho. Kisha akasema: "Mzee, usikasirike. Mi niko fundi tu. Mutoto yako ndiye alinituma."

Baba yako aliidondosha pampu. Alimkumbatia mtu yule mwenye vumbi la matofali kama vile amemkumbatia mtu mwingine, halafu akaja mbio kunigongea mlango. "Amisa, unaona? Unaona sasa?" Hata mimi nilifurahi. Nilijisemea kwamba nimekusema vibaya bure, na nikakuombea dua kwenye sala ya alasiri. Dua ile naidai.

Jioni nilimpelekea Baguma maandazi ili nimuulize habari zako. Hakuweza kuyala. Akaniambia ukweli, kwamba alinunua kiwanja kwako mwezi wa tano, huko huko Muyinga, na kwamba aliposikia kelele za mzee alishindwa kusema. Nikapiga hesabu ya miezi papo hapo. Mwezi wa tano ndio baba yako alikupigia simu kukupa habari njema ya barabara. Aliniambia ulifurahi sana, ukamwita "mzee wangu". Wiki hiyo hiyo ukauza. Siku ya mkutano, mwezi wa sita, aliposimama kutoa nyumba yake, alikuwa anaitoa kwa ajili ya mali ya Baguma, nawe ulijua umeshauza, na simu ilikuwa mfukoni mwako.

Matata ananiambia umenunua pikipiki nyekundu, na kiti chake umekivisha kitambaa ulichoshona mwenyewe. Hongera. Uliposoma shule ya Mushasha, baba yako alikuwa anasukuma baiskeli yake mpaka Giheta siku za soko, anaziba pancha za watu ili wewe uvae viatu. Yeye hajawahi kuwa na pikipiki. Nakuchukia, Uthmani, nimeona nikuambie kwa maandishi ili usiseme ulisikia vibaya.

Baba yako siku hizi ana kazi. Kila asubuhi anawaletea waashi maji kwa baiskeli, madumu mawili huku na mawili kule, bila malipo. Anawagombeza wakimwaga saruji, anawaambia ni jasho la mtoto wake. Waashi wameambiwa na Baguma waitikie. Mtaa mzima unajua, kasoro yeye, na hakuna anayecheka. Mimi ndiye niliyewahi kucheka mara moja, nikaingia ndani.

Baguma amesema atavumilia mpaka bati zipande. Baada ya hapo mkewe Bora anakuja na watoto kutoka Bukavu, na hawezi kuwafundisha wote uongo huo. Ningeweza kumwambia mzee leo, kabla chakula hakijaiva. Simwambii. Usinishukuru, si huruma. Nataka ayasikie kutoka kinywani mwako, nawe umtazame usoni wakati yanamwingia. Basi la Matata lina nafasi kila siku.

Jana mzee alivaa kanzu, akamwendea Baguma akamuuliza yeye mzee amewekewa chumba kipi. Baguma alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale na ningeweza kumwokoa, lakini niliangalia pembeni. Baguma akaonyesha kile cha pembeni mbele, ambacho alikusudia kiwe ghala la mchele. Mzee akaingia. Hakuna paa bado. Akanyoosha mikono kupima pa kuweka kitanda, akapima pa kuuweka mlango wa mama yako, halafu akamwomba mwashi ashushe dirisha kidogo, ili akiwa amelala aone wanaopita barabarani. Mwashi alimtazama Baguma, Baguma akaitikia kwa kichwa, na dirisha likashushwa.

Salamu kwa Pili, mwambie kosa si lake, kama kweli hakujua. Salamu kwa bintiyo Zaituni, na kwa yule mdogo ambaye babu yake hajamwona. Bahati fundi cherehani, uliyemwachisha kazi hapa, anakusalimu pia, sijui kwa nini. Mungu awakuze watoto wako, awape akili na nguvu, na awafanye wakufanane.

Karibu nisahau. Sikukuandikia kwa hiari yangu, baba yako ndiye aliyenituma, kwa kuwa macho yake hayaoni tena mistari. Aliniambia nisizidishe neno. Maneno yake ni haya, mengine yote ni yangu: "Mutoto wangu, chumba nimekiona. Ni kizuri, ni kikubwa kuliko nilichostahili. Asante."

Shangazi yako, niliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea,

Amisa