Mbao za Jumatano

Lodwar, Jumapili, tarehe tatu Agosti. Ni wiki ya tisa tangu niondoke Kakuma, na ya kumi tangu shimo likufukie.

Mwalimu Byamungu,

Sikuulizi hali. Yangu ni nzuri. Nakaa Nawoitorong, natunza stoo ya kampuni ile ile, na sichimbi tena. Viganja vimeanza kulainika. Kazi hii niliipata kwa sababu ulikufa na mimi nikanyamaza. Afadhali uisikie kwangu.

Stoo inataka Kiingereza, nami nina kile ulichonipa tu. Unajua niliacha shule darasa la sita kwetu Bungoma. Walimu wangu wa zamani walinichapia vitenzi nikavikariri bila kuvielewa. Wewe ulinikalisha kwenye ukingo wa shimo la choo, saa kumi kazi ikiisha, ukatupa beleshi chini. "We dig" ni mazoea, ulisema, ni kazi yetu ya kila siku hata tukiwa tumelala. "We are digging" ni sasa hivi, jasho linakutoka. "We dug" ni jana, imekwisha, itaje siku yake. "We have dug" ni ya mtu anayekuonyesha shimo lenyewe: limechimbwa, lipo, chungulia. Na "We will dig" ni maneno matupu mpaka udongo utoke. Vibarua wenzetu walituita maprofesa wa vyoo. Mimi nilikuita mkimbizi mbele yao ili wacheke, kisha jioni nikaja kwako kula sombe, mboga yenu ya majani ya muhogo. Hukuwahi kunikatalia sahani.

Sasa ile Jumatatu ya wiki uliyokufa. Msimamizi alikuwa na desturi yake: ripoti za siku zote tano za wiki inayoanza niziandike Jumatatu, kwa sababu naandika polepole, na siku nyingine alinitaka shimoni. Nikaandika kama ulivyonifundisha. Ya Jumatano nikaandika kwamba tutaweka mbao za kuzuia kuta za shimo, "We will fix timber," maana mbao zenyewe hazijafika, lori limekwama huko njiani. Msimamizi akanirudishia daftari. Akasema ofisi haitaki habari za kesho, inataka kazi iliyofanyika, nigeuze yote yawe yamepita.

Nikakuletea wewe. Ukatoa kalamu yako nyekundu ya ualimu, ile uliyotoka nayo shule ya kambini walipokuachisha. Ukakata, ukaandika juu yake, "We fixed timber," tuliweka mbao. Ukacheka. "Ndugu Wafula, weye unaandikaka kesho kama iko jana?" Nikakujibu kwamba msimamizi ndiye ametaka. Ukapiga vema, ukaweka sahihi na tarehe ya siku hiyo kama daftari la mtoto, ukanirudishia ninakili kwenye karatasi safi. Nimekukasirikia sana kwa kicheko kile. Ungekataa. Wewe ndiye uliyesoma.

Jumatano ulishuka. Mbao hazikuwepo. Kina kilikuwa cha watu wawili na mchanga ule wa Kakuma unaujua, haushikani. Mimi nilikuwa juu navuta ndoo. Ukuta ulishuka bila kelele nyingi. Tulichimba kama wendawazimu, na beleshi langu likagonga kitu nikadhani ni jiwe, nikaligonga tena kwa nguvu. Lilikuwa sikio lako. Mkeo Neema alikuosha na akaliona lile jeraha. Aliniuliza ni jiwe gani lililokukata hivyo. Nikamwambia sijui.

Wiki iliyofuata wakaja watu wa ofisi. Msimamizi akasoma karatasi ya Jumatano kwa sauti, sentensi yako safi isiyo na kosa. Akauliza: kama mbao ziliwekwa, na sasa hazipo, nani kazitoa? Mmoja akacheka, "Wakimbizi na kuni!" Wakaelewana hapo hapo. Eti ulizing'oa mwenyewe ukapikie nyumbani. Mmoja akanigeukia akauliza kama karatasi ni mwandiko wangu. Nikasema ndiyo. Waliniuliza swali moja nami nikajibu moja.

Wakaenda jikoni kwako kutafuta. Sufuria ilikuwa motoni. Wakamwaga maji juu ya moto, wakachukua vijiti vitatu vya kuni kama ushahidi, mti wa porini ambao hata kipofu angejua si mbao. Watoto wako waliangalia. Tangu siku hiyo Neema ni mjane wa mwizi, na kwenye foleni ya maji watu wanaambiana wafiche ndoo zao akija. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Shemeji, ulikulaka kwangu." Kesho yake nikapanda gari la msimamizi kuja Lodwar.

Usidhani dhamiri imenisumbua wiki zote hizi. Nilikula, nikalala. Lakini jana msimamizi aliniletea karatasi za saiti mpya ya Kalemng'orok. Vyoo tena. Anataka siku zote tano, wiki inaanza kesho. Niliandika Jumatatu, nikaandika Jumanne. Nilipofika kwenye mbao nilikuwa nimesahau ile sentensi inavyokaa, na wewe hupo wa kunisahihishia. Nikafungua daftari la zamani ili niinakili. Ndipo nikaiona kalamu nyekundu. Tarehe ya Jumatatu, sahihi yako, na chini yake kazi ya Jumatano ambayo tayari imefanyika, siku mbili kabla ya Jumatano yenyewe. Wiki kumi nimekaa na kitu hicho chini ya godoro.

Leo asubuhi nimempigia simu fundi wa Kalemng'orok, nikamwambia asimshushe mtu bila mbao. Amenicheka. "Karani wa stoo anatufundisha kuchimba?" Lakini amesema hatashusha mtu mpaka lori lifike. Sijui kama ni kweli.

Msimamizi anakuja kuchukua karatasi zake kesho saa nne. Hatanikuta. Daftari halipiti ofisini, huko vitu hupotea. Nitampa Neema mkononi, na nitamsomea kila mstari kwa Kiswahili mbele ya majirani wale wale wa foleni ya maji. Nitamwambia na habari ya sikio. Akitaka kunitemea mate, nitasimama. Akitaka tuende polisi, nitaenda nikaseme ni mwandiko wangu, na safari hii nitasema yaliyobaki hata wasiponiuliza.

Lala, Mwalimu. Usinishukuru, bado sijafanya kitu. Gari la kwanza la Kakuma linaondoka alfajiri. Saa tano asubuhi, kesho Jumatatu, nitakuwa mlangoni kwako.

Wafula