Amri Mpya kwenye Mashine Kuukuu ya Wazo

Kiwalani, Dar es Salaam

Mama Zuhura wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi ya mtu aliyepata bahati mpaka majirani wanakereka. Tajiri mwenye ofisi ya kompyuta amenipa ufundi mkuu, na chumba cha sie watatu kimeshapatikana Kinondoni, kina feni. Anza kufunga mizigo. Je, kifua cha mama mkwe kimepoa? Na Zuhura bado anakula udongo?

Huku kazi yangu ni kuiandikia kompyuta amri. Programu huwa vipande vipande. Faili langu la amri ndilo linaloiambia mashine ianze na kipi, imalizie na kipi, mpaka vishikane. Mashine ya ofisini ni mpya, inajua amri za kisasa, fupi, tamu. Mie nikaandika hizo tupu, maana mtu wa mjini haandiki mambo ya kizamani.

Basi nikatumwa kwa mteja huko Wazo, pembeni mwa jiji, diski mfukoni, tai ya kuazima shingoni. Nikawaambia wakae watazame. Mashine yao kuukuu ikagoma mstari wa kwanza tu. Nikasema ni umeme; na mgao huu, nani atabisha? Maskini wakawasha jenereta. Ikagoma vilevile, na sasa kwa kelele.

Nikarudi kwa Rehema, mwenzangu aliyesomea kazi hii. Nikajitetea kwamba amri zangu hazina kosa, ofisini zinakwenda kama maji. Hakucheka.

"Shaweji, umeiandikia mashine yako. Mteja anayo yake, na hatanunua nyingine ili wewe ufurahi."

Nikamuuliza tutaandika kizamani mpaka lini. Akasema mpaka mashine ya mwisho ya kizamani izimwe. Tukakaa, kila amri mpya akaifuta, akaweka ya zamani ambayo mashine zote mbili zinaielewa. Faili likawa refu, limekaa kama shuka la viraka. Lakini kule Wazo likakubali, na ofisini likakubali. Tajiri akampa Rehema mkono. Mie akaniambia tutaongea mwisho wa mwezi.

Baba mkwe mpe shikamoo yangu. Wifi yako muuza maandazi mwambie anisamehe kimya changu. Zuhura mbusu paji la uso.

Mumeo asiyelala bila kukutaja,
Shaweji

Mama Zuhura, fundi mkuu ni Rehema. Mie bado niko kwenye majaribio, chumba hakuna, nalala sebuleni kwa binamu. Usifunge mizigo.